Ukikohoa Damu Ferguson's Gulf Si Lazima Iwe TB: Rada Yote ya Fangasi za Mapafu na Bomba la Hewa

Leo tuache kidogo stori za nani ameachana na nani. Kuna kitu nimekuwa nikisoma usiku hadi bando ikaisha, na kama una mtu wa familia aliyewahi kupona TB, hasa kama mnatoka pande za Lodwar, Kalokol ama Kakuma, hii inakuhusu. Ni fangasi. Na sio ile ya katikati ya vidole unayopata juu ya kuvaa raba bila soksi wiki nzima. Hii inaingia na pumzi, inapita koo, inashuka bomba la hewa, na ikipata nafasi inajenga keja ndani ya mapafu.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili na sijawahi vaa koti jeupe. Kwa hivyo chukua hii kama ramani ya kukusaidia kuuliza maswali hospitalini, usiichukue kama dawa.

Kwa wale hawajawahi fika huko: toka Lodwar, shika barabara ya Kalokol, kama kilomita 60 hivi, hadi uone ziwa. Ferguson's Gulf ni ule mkono wa Ziwa Turkana ulioingia ndani ya nchi kavu, na Longech ni ule ulimi wa mchanga unaoukinga dhidi ya mawimbi ya ziwa lenyewe. Hapo ndio tilapia huzaliana sana. Serikali ya Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kikaanza miaka ya mapema ya 1980, alafu ghuba ikakauka katikati ya miaka hiyo hiyo. Stori ya kiwanda tutaileta siku ingine maana ni sinema nzima.

Sasa fikiria hewa ya huko. Lodwar inapata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima. Kuna mkondo wa upepo unaobanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ukafika Turkana ukiwa na hasira. Ndio upepo ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani. Huo upepo haubebi umeme peke yake, unabeba vumbi. Ongeza moshi wa makaa ya mathenge, ongeza kuni zinazowaka ndani ya kanyumba kasikokuwa na dirisha, alafu niambie kama mapafu ya mtu wa huko hayafanyi ovataimu.

Ndani ya vumbi ndio mhusika wetu mkuu anaishi. Anaitwa Aspergillus. Jina alipewa mwaka wa 1729 na Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea kutoka Florence, Italia. Micheli aliuangalia huu ukungu kwa hadubini akaona kichwa chake kinafanana na kile kijiti padri anatumia kunyunyizia waumini maji ya baraka. Kama umewahi kukaa kiti cha mbele kanisani ukalowa, ushaona umbo lake.

Na usidhani ni mgeni kwako. Ndugu yake, Aspergillus flavus, ndiye anatengeneza sumu ya aflatoksini kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Mwaka wa 2004 alipiga watu wa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Hiyo ilipitia tumboni na kuua maini. Hii tunayoongelea leo inapitia puani, na fangasi inayosumbua zaidi hapo ni Aspergillus fumigatus.

Tena huyu fumigatus haogopi joto. Fangasi nyingi zikifika joto la mwili wa mtu zinachoka, lakini huyu anamea hata nyuzi 50 na kidogo. Kwa hivyo mtu asikwambie ati jua la Lodwar linaua kila kitu.

Kila siku, uwe Longech ama Umoja, unavuta mamia ya spora zake. Spora ni kama vijimbegu, upana wake ni mikroni 2 au 3 hivi, kadogo mara ishirini na zaidi kuliko unene wa unywele wako. Ndio maana zinapita puani na kufika hadi mwisho wa mapafu. Lakini mwili ulijipanga. Bomba la hewa lina ute unaonasa takataka na vinyweleo vinavyosukuma huo ute juu kama mkanda wa supamaketi, wewe unakohoa ama unameza bila kujua. Zile zinazopenya mpaka chini zinakutana na seli za kinga zinazozimeza. Mchezo unaisha hivyo kila siku ya maisha yako na hujawahi hata kuambiwa.

Ngori inaanza vitu viwili vikitokea: ama kinga ya mwili imeshuka, ama ndani ya mapafu kumebaki shimo. Turkana inajua vyote viwili.

Shimo ambalo TB iliacha

Hapa ndio nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotea.

Kenya ilifanya uchunguzi mkubwa wa TB mwaka wa 2016 na kupata watu 558 wenye TB kwa kila watu wazima 100,000. Hiyo ni juu kuliko watu walivyokuwa wakidhani. Na kaskazini kumekuwa na shida yake ya ziada: mtu anayehama na mifugo atamezaje dawa kila siku kwa miezi sita? Ndio maana kulianzishwa TB manyatta, ambapo mgonjwa anajengewa kibanda karibu na kituo cha afya, anakaa hapo na watu wake hadi amalize dawa. Mwanzilishi alikuwa Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeanza hiyo kazi Wajir mwaka wa 1976, na njia hiyo ikaenea kaskazini. Idea moto sana, na ilisaidia watu wengi kumaliza dawa.

Sasa, dawa inaua bakteria. Haijazi shimo. TB ikikaa muda mrefu kabla ya kutibiwa inakula nyama ya mapafu, na ikiondoka inaacha tundu, kawaida sehemu ya juu. Umepona, kadi imefungwa, umepigiwa makofi, umerudi ziwani kuvuta nyavu. Lakini ndani una chumba kitupu, chenye joto, chenye unyevu, na hewa inaingia na kutoka. Spora inayotua hapo haipati vinyweleo vya kuisukuma wala kinga ya kutosha ya kuimeza. Inamea. Nyuzi zake zinajisokota na ute na seli zilizokufa hadi kunakuwa na donge, mpira wa fangasi. Kwenye eksirei unaonekana kama tufe ndani ya shimo, na kamwezi ka hewa juu yake. Wakati mwingine mgonjwa akigeuka ubavu, tufe linageuka naye. Manze.

Wengine hawapati donge, wanapata fangasi inayokula kuta za shimo polepole, miezi na miaka. Yote inaitwa aspergilosisi sugu ya mapafu.

Dalili sasa. Kukohoa zaidi ya miezi mitatu. Kukonda. Uchovu wa kutoka kitandani ukiwa tayari umechoka. Kushindwa kupumua ukipanda kamlima kadogo. Na kukohoa damu, saa zingine michirizi, saa zingine kikombe kizima.

Umeona shida? Hiyo ni TB neno kwa neno.

Tuseme kuna mvuvi wa Longech, miaka 34, alimaliza dawa za TB miaka miwili iliyopita. Anaanza kukohoa tena. Nani atafikiria kitu kingine? Nyumbani wanasema imerudi. Jirani anasema hakumeza dawa vizuri, alikuwa anakunywa. Kliniki inapima makohozi, hayana bakteria, lakini eksirei inaonyesha makovu na shimo, na kwa kuangalia dalili anaanzishiwa dawa za TB tena. Miezi sita mingine. Hapati nafuu. Sasa anaitwa TB sugu, mkewe anaanza kumtengea kikombe, watu wa boti hawataki kukaa naye. Na kumbe hana kitu cha kumuambukiza mtu yeyote, kwa sababu aspergilosisi haitoki kwa mtu kuingia kwa mwingine.

Kuna kamtego kengine hapo. Mashine ya GeneXpert, ile inayopima TB kwa saa chache, inatafuta vinasaba vya bakteria. Kwa mtu aliyetibiwa karibuni, inaweza kunasa mabaki ya bakteria waliokufa na kusema TB iko. Madaktari wanalijua hili, ndio maana mtu aliyewahi kutibiwa anafaa kuoteshewa makohozi kwenye maabara, japo majibu yanachukua wiki kadhaa.

Sitakudanganya ati huyo mvuvi ni mtu halisi, nimemtunga. Lakini kuna utafiti wa jirani zetu ambao haujatungwa. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walichukua watu 398 waliokuwa wamemaliza matibabu ya TB. Baada ya kama miaka miwili wakawapata tena 285 na kuwapima upya. Watu 14 walikuwa na aspergilosisi sugu, yaani asilimia 4.9. Ukiangalia wale ambao eksirei yao ilionyesha shimo, ilikuwa asilimia 26. Mmoja kati ya wanne, buda. Wale wasiokuwa na shimo hawakufika hata asilimia moja.

Kwa hivyo swali la kuuliza baada ya TB sio tu kama umepona. Uliza: eksirei ya mwisho ilionyesha shimo?

Bomba la hewa lenyewe

Hizi zifuatazo ndio nadra kabisa, zile hata daktari anaweza kumaliza miaka kadhaa bila kuziona.

Ya kwanza ni Aspergillus kukaa kwenye ukuta wa bomba la hewa na matawi yake, badala ya kwenda chini mapafuni. Inaweza kutoboa vidonda, ama kutandaza utando mweupe unaoziba njia, ama kutengeneza vizibo vya ute mzito ambavyo mgonjwa anavikohoa vikiwa na umbo la bomba alimotoka. Mtu anapumua na mluzi, mara nyingi unasikika upande mmoja. Watu wanasema ni asthma. Anapewa inhela, haisaidii. Kibaya zaidi, mwanzoni eksirei inaweza kuwa safi kabisa, kwa sababu shida iko kwenye bomba na eksirei inaonyesha mapafu. Njia ya uhakika ni bronkoskopi: wanashusha kamera nyembamba kooni, wanaona kwa macho na kukata kipande kidogo cha kupima. Inapata hasa waliopandikizwa mapafu, wenye saratani ya damu, wenye Ukimwi uliofika mbali, na watu walio ICU kwa mafua makali.

Ya pili ni Candida, ile fangasi ya utando mweupe mdomoni ambayo watoto wachanga hupata. Mdomoni ni jambo la kawaida. Ikishuka kwenye bomba la hewa na mapafu ni jambo lingine kabisa: Shirika la Afya Duniani linaiweka kwenye hatua ya 4 ya VVU, hatua ya mwisho. Kwa hivyo mtu mzima akipata utando mweupe mdomoni bila sababu, hajatoka kwa antibayotiki ndefu, hana kisukari, hatumii inhela ya steroidi, apimwe VVU. Ni bure kwenye vituo vya serikali. Na ukweli ni kwamba kambi za uvuvi Afrika Mashariki, kuanzia Ziwa Victoria, zimekuwa na VVU kwa viwango vya juu, maana doh inaingia kila siku na watu wanahama kufuata samaki.

Hapo hapo kwa VVU kuna Pneumocystis. Hii ndiyo iliyoutambulisha Ukimwi kwa dunia: tarehe 5 Juni 1981, Marekani iliripoti vijana watano wa Los Angeles waliokuwa na nimonia yake. Wakati huo ilihesabiwa kama kijidudu cha aina nyingine. Mwaka wa 1988 vinasaba vikaonyesha ni fangasi. Dawa inayoizuia unaijua, ni Septrin. Hii inaweza kupita hewani kutoka mtu hadi mtu, tofauti na zile zingine, lakini mtu mwenye kinga nzuri haimfanyi kitu.

Ya mwisho kwenye koo ni Histoplasma. Ikitua kwenye koromeo inaleta vidonda, sauti inakwaruza kama ya DJ wa matanga, kumeza kunauma. Daktari akichungulia anaona kitu kama saratani au TB ya koo. Kipande kikipimwa vizuri ndio ukweli unatoka.

Popo, miti na Waganda

Histoplasma inapenda kinyesi cha popo na ndege. Iligunduliwa na Samuel Darling huko Panama miaka ya 1905 na 1906, na kwa muda mrefu Wamarekani waliichukua kama mali yao. Lakini mwaka wa 2011 kundi la wanafunzi wa baiolojia kutoka nchi kadhaa walikuja Uganda kwa masomo ya msituni. Kulikuwa na mti mkubwa wenye shimo ndani, umejaa popo. Sasa mwanafunzi wa baiolojia ukimuonyesha mti wenye popo atafanya nini? Waliingia. Kati ya 24, waliougua ni 13. Homa, kikohozi, kifua kubana, wote wakiwa washarudi makwao, na madaktari wa huko wakianza kufikiria TB.

Kwa hivyo ukienda kupiga picha za Instagramu pangoni, iwe Mlima Elgon ama Shimoni, ile harufu kali ya popo sio ya kufurahia. Usichochee vumbi la chini. Na kama popo wamejaa kwenye dari ya keja yenu, usipande na ufagio mkavu. Nyunyiza maji kwanza, funika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, sio leso. Ukianza kukohoa na homa kati ya siku 3 na 17 baadaye, mwambie daktari uliingia wapi. Hawezi kukisia.

Alafu kuna kitu lazima nikirekebishe. Ukiweka kwa Google "fangasi ya vumbi la jangwa" utaletewa Valley Fever, na nimeona watu kwa Facebook wakisema iko Turkana. Ile fangasi, Coccidioides, makao yake ni udongo wa Amerika: California, Arizona, Mexico na kushuka chini hadi Argentina. Vumbi la Turkana lina mambo yake lakini hiyo si mojawapo.

Dawa, na kosa la kemisti

Unaenda kemisti, unasema una fangasi kifuani. Utapewa flukonazoli, kwa sababu ndiyo ya bei rahisi na ndiyo wanapeana kwa fangasi ya sehemu za siri. Flukonazoli inafanya kazi kwa Candida nyingi. Kwa Aspergillus fumigatus haifanyi chochote. Sifuri. Unaweza kumeza katoni.

Ya aspergilosisi sugu ni itrakonazoli, na si ya wiki moja, ni miezi sita kwenda juu. Vidonge vyake vya kapsuli vinamezwa na chakula, na dawa za asidi ya tumbo kama omeprazoli zinavizuia kuingia mwilini. Lakini kitu kikubwa ni hiki: rifampisini, ambayo ni uti wa mgongo wa dawa za TB, inaharibu itrakonazoli mwilini hadi inabaki karibu na bure. Kwa hivyo ukichanganya "ili kuwa salama", umejichapa. Daktari ndiye anafaa kuamua ni ugonjwa upi, na kama ni yote miwili, atapanga vipi. Na tafadhali, kama uko kwa dawa za TB sasa hivi, usiache juu umesoma hapa. Nenda na swali, dawa ziendelee.

Kwa hali mbaya kuna vorikonazoli na amfoterisini B, hizo ni za hospitali kubwa. Donge moja likiwa peke yake na mgonjwa ana nguvu, wanaweza kupasua na kulitoa. Damu ikitoka nyingi, kuna dawa ya kusaidia kuigandisha na kuna wataalamu wa kuziba mshipa unaovuja kutoka ndani, lakini kwa hiyo ya pili fikiria Nairobi, na Nairobi iko mbali. Mtu akikohoa damu zaidi ya vijiko vichache, usimpe uji na kusubiri asubuhi. Mlaze kwa ule ubavu wenye ugonjwa, kama unajulikana, ili lile pafu zuri lisijae damu, na mtafute gari.

Kemisti wana kosa lingine. Kikohozi kikikataa kuisha, unapewa vidonge vya steroidi, prednisoloni ama deksamethasoni, na kweli unajisikia poa siku mbili tatu. Lakini steroidi inapunguza kinga. Mwaka wa 2021 India iliona kilichotokea steroidi zikimwagwa kwa wagonjwa wa korona wenye kisukari: kesi zaidi ya 40,000 za ile waliyoita fangasi nyeusi, inayokula pua, macho na kupanda hadi ubongo.

Hii ya steroidi inanigusa. Nina asthma tangu primo. Nilipopewa inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, hakuna mtu aliniambia kitu zaidi ya "vuta mara mbili". Baada ya miezi mdomo ukawa mweupe, chipo mwitu zikawa zinauma kama wembe, na sauti ikapotea. Nilidhani nimepatwa na kitu kibaya, nikakaa nayo wiki tatu nikiogopa kupima. Kumbe ilikuwa Candida tu, na dawa yake ya kuzuia ni maji: ukishavuta, sukutua mdomo na koo, tema. Sekunde kumi. Wewe mwenye inhela unayesoma hii, usiiache inhela, sukutua. Na kama una asthma inayozidi kuwa mbaya na unakohoa vipande vya kahawia vigumu, uliza kuhusu mzio wa Aspergillus. Huo ni ugonjwa tofauti, mwili ndio unaipigia fangasi kelele kupita kiasi, na unatibika.

Kupimwa

Kwa aspergilosisi sugu kuna kipimo cha damu kinachotafuta kinga za mwili dhidi ya Aspergillus. Ukiweka hicho pamoja na eksirei ama sikani ya CT, na dalili za zaidi ya miezi mitatu, jibu linapatikana. Hakipo kila mahali. KEMRI Nairobi wana maabara ya fangasi, na hospitali kubwa za kibinafsi zinapima. Kutoka Kakuma hiyo ni safari, na kambi yenyewe, iliyofunguliwa 1992, ukiihesabu pamoja na Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingine. Wengi wamepitia njaa, msongamano na TB kabla hawajafika. Ukiniuliza mimi, kipimo kama hicho kingefaa kuwa Lodwar jana.

Dunia nayo imeamka juzi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza kabisa ya fangasi hatari, 19 kwa jumla. Aspergillus fumigatus iko kundi la juu kabisa. Iko na Candida auris, ambayo ilitajwa mara ya kwanza 2009 kutoka sikio la mgonjwa Japani na ikafika Nairobi mapema: kwenye hospitali ya Aga Khan, kati ya 2010 na 2016, ndiyo ilikuwa fangasi namba moja kati ya zile Candida zilizopatikana kwenye damu za wagonjwa.

Sasa ukienda kituoni, iwe ni wewe ama ni mzee wako, sema hivi kwa mdomo wako: "Nilitibiwa TB mwaka fulani, nilimaliza dawa, nakohoa tena kwa miezi kadhaa, makohozi hayana TB. Inaweza kuwa aspergilosisi?" Litamke hivyo hivyo, a-spe-rgi-lo-si-si. Daktari atakuangalia mara mbili, sawa, lakini atafikiria.

Na beba eksirei ya zamani. Watu wa ocha huzitupa ama kuziweka dirishani kuzuia upepo, nimeona kwa macho yangu. Ile ya siku ulipomaliza dawa ikiwekwa kando ya ile ya leo, daktari anaona kama shimo lilikuwa tupu na sasa lina kitu ndani. Kama ilibaki hospitalini Kakuma na wewe sasa unaishi Eastleigh, piga simu wakutafutie faili, ama mtume binamu aende na kadi yako ya TB aipige picha.